Mti wa Ephraimu kule Olmotonyi

Hili nimeliona kwa macho yangu mwenyewe, mimi Satelaiti, sikuhadithiwa na mtu, na asiyeamini ajinunulie kahawa yake. Kijiwe chetu kipo Kaloleni, tumeegemea ukuta wa uwanja wa mpira, benchi moja la mbao na birika la Mzee Lemburis juu ya makaa. Ni miaka hii ya ruksa, kila kitu kimefunguliwa: mitumba, maduka, mpaka klabu ya matajiri wanaokula pamoja kila Jumanne mchana pale hoteli kubwa, halafu wanachangia visima na zahanati. Jumanne hiyo ukungu wa Meru ulikuwa umeshuka mpaka mjini. Ephraimu muuza spea alikaa katikati yetu na koti jipya, kikombe mkononi, hanywi.

— Klabu wamenialika, akasema. Leo saa saba nawapa jibu. Nikiingia, wanavuta maji mpaka kwetu, juu ya Usa River. Wanataka mwenyeji mwanachama asimamie mabomba.

— Na wewe unatoa nini? akauliza Philemoni, tunamwita Waziri kwa vile anaijua serikali kuliko serikali yenyewe.

— Ada. Kuhudhuria kila wiki. Kujitolea kazi.

— Hiyo ndiyo wanayokwambia. Ile beji yao ina pini ndefu, bwana. Siku ya kwanza inakugusa kifua, inaonja.

— Inaonja nini, Waziri?

— We cheka tu, Satelaiti. Yule daktari wao aliyekufa mwaka juzi, kiti chake bado kipo mezani. Wanampakulia wali na nyama. Binamu yangu anaosha vyombo pale. Sahani inarudi nyeupe.

— Si analamba binamu yako.

— Na kile kiti kukutwa kina joto, kama mtu ameinuka sasa hivi, nalo ni binamu?

Hapo nikaona Waziri anataka kunizidi kwenye kijiwe changu mwenyewe.

— Hizo za kubembelezea watoto. Mimi nilipanda mpaka msitu wa Olmotonyi kutafuta mbao. Mzee Lemburis, si ndiyo kwenu? Hebu waambie, wale watu wa klabu wanafanya nini kule.

— Wanapanda miti, akasema Lemburis. Kila anayeingia, mti mmoja, na kibao cha jina lake.

— Mmesikia. Sasa mti wa daktari ulikauka kuanzia juu kwenda chini, na yeye wakati huo anacheza gofu. Mbega wanaruka mti kwa mti, wakifika hapo wanashuka chini, wanauzunguka. Na pale mwisho wa mstari nikakuta mche mbichi. Kibao kimeandikwa EPHRAIMU.

— Mbona hajakubali bado?

— Ndiyo nakwambia, Waziri. Wale hawasubiri mtu akubali.

Ephraimu alikuwa ananitazama vibaya, kama mtu anayehesabu meno yangu.

Ndipo akatokea dada mmoja kwenye ukungu, madumu mawili matupu mkononi.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mwanangu.

— Huyu ni Kandida, mdogo wangu, akasema Ephraimu.

— Kaka, narudi na gari la sasa hivi. Mama akiniuliza, nimwambie nini? Maji yanakuja, hayaji?

Waziri akakuna goti. Mimi nikaangalia barabara. Mzee Lemburis akainamisha birika, yakatoka machicha.

Ephraimu akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja.

— Kamwambie yanakuja.

— Na ule mti? akauliza Waziri, taratibu.

— Nimeuona. Jumapili nilipanda huko peke yangu, nijue ni watu gani hawa. Upo mwisho wa mstari, kama alivyosema Satelaiti. Jina langu. Na udongo wake umeloa, wakati wa ile mingine yote ni mkavu.

Akaondoka kuelekea hotelini. Ukungu ulichukua miguu kwanza, halafu koti.

Waziri akanigeukia.

— Kumbe leo umesema kweli.

Kikombe changu kilikuwa kimepoa.

— Miti nimeiona, Waziri. Wa daktari nimeushika kwa mkono. Lakini huo wa Ephraimu niliutunga hapa hapa, nikuzidi wewe.