Bi Funguo, Aliyezuia Mtaa Usibomolewe

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, wekeni kazi chini kidogo mnisikilize. Leo tunamkumbuka Bi Funguo. Alifariki wiki iliyopita kwa ugonjwa wa moyo, nyumbani kwake, katika mtaa wa kale alikozaliwa.

Jina hilo alipewa na majirani. Kila aliyesafiri alimwachia ufunguo wake. Ukisikia funguo zinalia kiunoni kwake, unajua anakuja, na kama hujafagia mlangoni pako, jiandae.

Alikuwa fundi cherehani. Baba yake aliwaachia, yeye na kaka yake, nyumba ya mawe yenye roshani ya mbao. Paa linavuja. Kuta zimevimba. Akaja tajiri mmoja, anataka kubomoa mtaa mzima ajenge hoteli ya ghorofa. Majirani walikubali. Kaka naye alikubali.

"Dada, tutakaa na magofu mpaka lini?" aliuliza mbele ya ukoo.

"Kaka, wageni wanatoka mbali kuja kutazama mtaa huu. Ukishaubomoa, watatazama nini? Vigae vya bafuni?"

Watu walicheka. Kaka hakucheka. Alitoka, na kwa miaka mingi hakukanyaga tena pale.

Bi Funguo hakutia sahihi hati ya kuuza nyumba. Nasema tena, hakutia sahihi. Nyumba hiyo ilikuwa katikati ya mtaa, bila hiyo hoteli haijengeki, na tajiri akaenda zake. Majirani wakamnunia, waliona amewazibia riziki. Hata salamu zilikatika.

Alishona mchana kutwa hadi paa likazibwa, akafungua chumba kimoja kwa wageni. Mpishi wa jirani ndiye aliyeanza kulegea, akaja kuwapikia chai ya asubuhi. Akafuata seremala, akarudia kazi ya kuchonga milango. Nyumba zikatengenezwa moja moja, wenyewe wakiwa ndani.

Wala hakuwababaikia wageni. Siku moja basi lilishusha watalii wakaanza kuchungulia madirishani. Akasimama njiani.

"Karibuni, lakini wachache wachache. Humu kuna mzazi kajifungua juzi. Hapa watu wanaishi!"

Mtaa ukaifanya hiyo kuwa kanuni, mpaka leo.

Kaka alirudi alipofiwa na mkewe. Binti wa Bi Funguo anasimulia: "Mjomba alisimama mlangoni, hajui aanzie wapi. Mama akamwambia, 'Chumba cha baba kipo. Kaoge kwanza, chai iko jikoni.' Lile jambo hawakulizungumza tena."

Msibani nilikaa na kaka huyo. Aliniambia, "Mimi niliogopa tutafia katika umaskini pale. Leo wanangu wanakula kwa mtaa ule ule. Sikuwahi kumwambia ahsante. Nilidhani muda upo."

Tunampa pole kaka, tunampa pole binti, na mtaa wote uliofiwa.

Na wewe msikilizaji, kuna mtu aliyekulindia kitu wakati wewe ulishakata tamaa. Kama yu hai, mpigie simu sasa hivi. Mimi nitanyamaza kidogo, upate nafasi.