Sabuni Ndani ya Unga wa Msiba

Ndugu zangu, jina la Bwana lisifiwe. Mimi si msemaji, na shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nitaeleza kama ilivyokuwa.

Marehemu mume wangu, Magesa, ndiye aliyefungua duka la kwanza mtaani kwetu Nyakato. Alilijenga bila stoo. Kila alichokuwa nacho kilikaa kwenye rafu, na bei ilikuwa moja kwa jirani na kwa mgeni. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Mteja akizoea kuona vyote ulivyo navyo, siku ukimwambia hakuna, atakuamini." Wafanyabiashara nimewaona wengi baadaye. Sijaona aliyemzidi. Lakini mimi mkewe somo hilo sikulishika.

Miaka ile ya uhaba bidhaa zilikuja kwa mgao. Magesa akaugua, akalazwa, duka likabaki mikononi mwangu. Mgao wa sabuni ulipofika niliuza nusu, nikawaambia watu imekwisha. Nusu nyingine nilienda nayo nyumbani, nikaizika mche kwa mche ndani ya magunia mawili ya unga wa muhogo, nikingoja bei ya mlango wa nyuma. Redio ilitangaza kila siku kwamba wanaoficha bidhaa wanakamatwa. Mtu akibisha hodi, nachungulia dirishani kwanza. Kanisani nilisimama na kwaya, naimba huku nautazama mlango.

Magesa akafa bila kujua.

Shemeji yangu Wambura alikuja na lori tukazike kwao Mugeta. Nikiwa nimekaa chini na akina mama kando ya jeneza, niliwaona wanaume wanatoa magunia yangu, maana msiba unataka chakula. Ningesema nini? Mjane awanyime waombolezaji unga? Magunia yakapakiwa kando ya jeneza.

Kabla ya kuingia Bunda kulikuwa na kizuizi. Askari akapanda juu ya lori.

"Magunia ya nani?"

"Yangu, afande," Wambura akajibu, kwa kuwa safarini mwanamume wa ukoo ndiye anayejibu. "Unga wa msiba. Jeneza si unaliona?"

"Majeneza nimeyaona mengi. Mengine huwa yanabeba sukari."

Akachukua bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchomea magunia. Ndugu zangu, niliomba pale. Sikuomba nguvu ya kusema kweli. Niliomba bambo likosee.

Likaingia gunia la kwanza, likatoka na unga. Likaingia la pili, likatoka na unga. Askari akafuta mikono. "Poleni na msiba. Nendeni."

Nilikuwa nimepata nilichoomba, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mugeta magunia yangefunguliwa mbele ya ukoo mzima. Wangesema kumbe Magesa alikuwa mfichaji, na Magesa asingeweza kujibu. Angezikwa na wizi wangu.

Nikasema, "Afande, humo kuna sabuni. Niliificha mimi. Marehemu hakujua, na huyu hajui."

Wambura akanishika mkono. "Shemeji, nyamaza. Afande, msiba umemchanganya. Kaka yangu hakuwaga mtu wa kuficha kitu."

"Ndiyo maana nasema," nikamjibu.

Askari akaniangalia. "Mama, nilishawaruhusu. Unajua utakwenda ndani?"

"Najua."

Wakamwaga unga kwenye turubai, miche ya sabuni ikatoka mbele ya waombolezaji wote. Hakuna aliyenitazama usoni. Yule askari akasema, "Nenda ukamzike mumeo. Siku ya tatu uwe hapa. Usipokuja, namchukua huyu aliyesema magunia ni yake."

Tukazika. Siku ya pili Wambura, mtu mwenye watoto sita, akanifuata jikoni. "Shemeji, mpakani Sirari si mbali. Vuka ukae huko kwanza. Mimi watanipiga tu, wataniachia."

Ndugu zangu, sitadanganya kwamba sikulifikiria. Nilifunga hadi nguo. Nikapiga magoti juu ya kile kifurushi, nikamwambia Mungu, "Miguu yangu inataka Sirari. Nipeleke wewe Bunda." Nikainuka, nikaenda Bunda.

Nilifungwa. Leseni ikafutwa. Lakini juu ya sakafu ile ya jela nililala usingizi, mimi niliyekuwa sijalala tangu nizike sabuni ile. Bwana alinitoa kwenye hofu kabla serikali haijanitoa gerezani.

Biashara huria iliporuhusiwa, nilifungua tena pale pale, bila stoo. Wengine waliuza bei ya chini kuliko mimi. Wateja walirudi polepole, na wapo ambao hawajarudi hadi leo. Siwalaumu, niliwanyima sabuni wakiwa na watoto wachanga.

Namshukuru Mungu kwamba Magesa alizikwa na jina lake safi. Na kama kuna mtu hapa ana neno limemkaa kooni na anaogopa pa kulipeleka, mwamini Bwana. Mimi nakaa Kitaji siku hizi, nyuma ya kanisa. Njoo tu, hata asubuhi na mapema. Nitavaa viatu twende wote.