Cherehani ya Mitundu

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja tu uliolazwa juu ya matofali, pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, nje ya dirisha la Benedicte, fundi cherehani. Mwaka ule wa 2013 ubao ulikuwa umeshapinda katikati kwa ajili ya wanaume watatu ambao hawakukosa hata siku moja. Kulikuwa na Préfet, yaani Byamungu, aliyekuwa msimamizi wa nidhamu katika shule moja ya Bukavu, na utadhani mpaka leo hakuna aliyemwambia kwamba kengele imeshagongwa na wanafunzi wamekwenda kwao. Kulikuwa na Antenne, yaani Ndikuriyo, aliyetengeneza redio huko Bujumbura na hapa kabaki na bisibisi moja mfukoni. Na Gélase, mkulima wa kahawa wa Ngozi, ambaye katika mali yote aliyokuwa nayo alibaki na birika, na hakupewa jina la utani kwa sababu yeye ndiye anayemimina. Benedicte hakuwahi kukaa kwenye ubao ule. Alikuwa ndani, mguu kwenye kanyagio, dirisha wazi, na atake asitake alisikia yote.

Alhamisi hiyo roho yake haikutulia. Shule moja ya Lilongwe ilimpa mashati tisini ya wanafunzi, yafike Jumatatu asubuhi. Yakifika, kazi ya mwaka mzima ni yake. Yasipofika, atarudi kutia viraka suruali za watu. Kutoka kambini kila akitaka hawezi, ni mpaka karatasi ya ruhusa, kwa hiyo vitambaa alivikata mwenyewe akavigawia mafundi wenzake wa nje: thelathini kwa Charlotte wa Nathenje, thelathini kwa Irankunda wa Mitundu, thelathini vyake. Vifungo alibaki navyo, atavitia mwisho. Ya Charlotte yalishafika jana kwa minibasi. Ya Irankunda, hata kola moja haijaonekana.

— Si nilikuambia ufanye appel? Préfet alimwuliza kupitia dirishani. Mi nilikuwa na batoto mia sita. Kila asubuhi naita jina, mutoto anasema "présent". Hiyo njo kuongoza bantu.

— Nafanya, Préfet. Wiki mbili nzima, kila saa kumi na mbili asubuhi. Namwita kwa simu, anasema "présente". Namuuliza, hakuna shida? Anajibu, hakuna shida, mama.

— Basi hakuna shida.

— Na mashati?

Préfet alikumbuka kwamba kahawa yake inapoa.

— Appel ni mambo ya zamani, Antenne alidakia. Kuongoza bantu benye hauone, inaomba mawasiliano. Simu anaifunga na kamba shingoni, laini inabaki wazi kutoka asubuhi mpaka jioni. Akikohoa, unasikia. Akilala, unasikia. Akikusema vibaya, unasikia.

— Weee! Na uniti, pesa ya simu, atatoa wapi? Gélase aliuliza. Uniti ya siku moja hiyo si inapita bei ya mashini yenyewe?

— We mimina kahawa.

— Namimina, lakini nasema. Mi naona huyu mwanamke ameshamaliza. Ameshona yote thelathini. Ila kule Mitundu kuko shule ingine, batoto yao haikuwa na uniforme.

— Sasa iko nayo? Antenne aliuliza.

— Iko nayo. Ya Benedicte.

— Haiwezekani! Préfet alisimama, na ubao ukainuka naye kidogo. Leta simu. Mi nampigia na sauti ya mukubwa. "Allô, hapa ni inspecteur!" Tena kwa Kifaransa.

— Irankunda hasikie Kifaransa, Benedicte alisema.

— Njo vizuri! Asiposikia njo ataogopa.

— Ao umutumie picha yako, Benedicte, Antenne aliongeza. Kubwa, macho wazi. Anaitundika juu ya mashini.

— Na miwani ya jua, alisema Gélase.

Benedicte alicheka, hakuweza kujizuia. Mtu kama yeye, aliyebeba kichwa cha cherehani kutoka Bukavu mpaka hapa hatishwi na mashati thelathini. Lakini neno moja la Antenne lilimkwama kichwani: unasikia. Mimi wiki mbili hizi nimesikia nini? alijiuliza. Nimesikia mdomo wa Irankunda, basi. Na mwanamke mwenye adabu zake hawezi kumtolea bosi wake shida alfajiri yote ile. Kwani yeye Benedicte mwenyewe, mkuu wa shule alipopiga Jumatatu, alijibu nini? Hakuna shida, madame.

Akachukua simu, akapiga. Shingo tatu zikaingia dirishani.

— Présente, mama, Irankunda aliitika. Hakuna shida.

— Hiyo wacha, dada. Weka simu kando ya mashini. Kanyaga.

— Mama?

— Kanyaga tu, nisikie.

Ilichukua muda. Kisha ikasikika: tak. Kimya. Tak. Kimya. Tak. Benedicte alikulia chini ya meza ya kushonea ya mama yake, na sauti ile aliijua. Hapo hakuna mguu. Hapo ni mkono unaozungusha gurudumu, tundu moja baada ya lingine.

— Mukanda wa mashini ulikatika lini?

Simu ilileta kwikwi ya kilio.

— Wiki mbili, mama. Nazungusha na mukono. Nimefika kumi na tisa.

— Mashati kumi na tisa na mukono! Kwa nini haukusema?

— Kila siku uliniuliza kama hakuna shida.

Aibu ilimpanda Benedicte mpaka masikioni. Swali lake lilikuwa na jibu ndani, na maskini yule alikuwa akimrudishia tu. Lakini hakukaa na aibu hiyo. Alifungua mtoto wa meza, akatoa mkanda wa akiba.

— Sikia, dada. Mukanda unatoka hapa sasa hivi na baiskeli ya kabaza, unaingia minibasi ya jioni. Kesho asubuhi unaufunga. Zile kumi na tisa zitume kama ziko, ingine utamalizia Jumamosi. Na kesho sikuulizi shida. Nitakuuliza umefika wapi na unakosa nini. Unijibu hayo mawili.

— Ndiyo, mama. Kuna kitu ingine. Sindano nimebaki na moja.

— Aa! Sasa tunaongea. Nakutilia sita.

Baiskeli ya kabaza ilipoondoka na kifurushi, kijiwe kilishangilia kama kimeshona chenyewe.

— Mi njo nilisema asikilize! Antenne alijipiga kifua.

— Bila appel yangu angekuwa hata na namba ya kumpigia? Préfet alijibu.

Kando yao alikuwa amesimama Mulenda, mgeni kutoka Uvira, siku yake ya tatu kambini. Gélase alikuwa amempa kikombe tangu mwanzo, naye akasikiliza yote kwa heshima.

— Babaa, samahani, alisema. Naona mambo ya kuongoza kazi munaijua sana. Ninyi benyewe munafanyaka kazi gani hapa?

Hakuuliza kwa ubaya hata kidogo. Gélase aliinua birika amimine, likatoka tone moja.

— Ee, sisi... tunaendelea tu, Antenne alijibu. Hakuna shida.

Ndani, mguu wa Benedicte ulisimama kwenye kanyagio. Alikuwa amewasikia watu hawa kila siku kwa miaka minne, na hajawahi kuwauliza kitu.

Alitoka na kopo la vifungo, sindano, uzi na furushi la mashati ya Charlotte. Akakaa kwenye ubao, kwa mara ya kwanza, na Préfet ilibidi asogee.

— Mashati tisini, kila moja vifungo saba, mpaka Jumapili jioni, alisema. Peke yangu siwezi. Mutalipwa sawa na Charlotte. Na we mugeni pia, kaa.

Kila mmoja alichukua shati. Préfet aliinua sindano juu kwenye mwanga, akaisogeza mbali, akaileta karibu, akalamba uzi mara tatu.

— Umefika wapi, Préfet? Unakosa nini? Benedicte alimwuliza.

Mzee aliishusha sindano mapajani.

— Macho, mama. Tundu ya sindano siioni.

Benedicte akaichukua, akamtungia uzi, akamrudishia.