Maabara Inamuaga Mama Umejuaje

Tarehe 30 Juni, mkuu wa maabara yetu ya maji atavua koti lake jeupe kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Koti lenyewe limetoboka mfukoni, na kila alipoletewa jipya alimpa mwingine. Sisi tunaobaki tumeshaanza kumkumbuka hata kabla hajatoka mlangoni.

Alianza kazi akizunguka mitaani kuchukua sampuli, juu ya pikipiki ya idara iliyowaka ilipojisikia tu. Jioni alikwenda kusoma. Akawa mkemia, na hatimaye mkuu wa maabara. Jina lake la kazini, Mama Umejuaje, alilipata kwa swali lake. Ukimwambia maji ni salama, atauliza, “Umejuaje?” Ukimwambia si salama, swali ni lile lile. Mumewe, fundi cherehani, hutania kwamba siku alipomwambia anampenda, alijibiwa hivyo hivyo, ikabidi ajieleze mchana kutwa.

Hakuuliza ili kukuumbua. Aliuliza kisha akavuta kiti, mwangalie pamoja. Siku hizi mashine inatoa jibu kabla hujamaliza chai, na habari iliyosambazwa kwenye simu inafika ofisini ikiwa imeshakuwa ukweli. Kwake, mtaalamu ambaye hapimi anachoambiwa hana tofauti na bomba: hupitisha chochote kinachoingia.

Wengi wetu hatutasahau wiki ile watu wa mtaa wa juu walipoanza kuharisha. Watoto wawili walikuwa wamezidiwa. Tangi kuukuu linalolisha mtaa huo na hospitali ya wazazi lilikuwa limelalamikiwa siku nyingi, kwa hiyo ofisi nzima ilishapata mkosaji. Hata yeye. Aliandika kwa mkono wake pendekezo la kulifunga, na mkurugenzi akawa ameshika kalamu.

Ndipo muuguzi mkuu wa hospitali ile, aliyekwisha kusikia habari, akapiga simu akiwa karibu kulia, sauti yake ikisikika chumba kizima.

“Msitufungie jamani, nina akina mama wanajifungua hapa. Maji haya haya tunakunywa sote, na wodini hakuna hata mmoja anayeharisha!”

Wengine tulisikia mtu anayebembeleza. Mama Umejuaje alisikia kitu kingine. Simu ingali sikioni, akamgeukia mkurugenzi.

“Bosi, usitie sahihi. Kama ni tangi, mbona hospitali wazima? Nimekosea mimi.”

“Mama, ni wewe uliyeandika!”

“Ndiyo. Niliandika kabla sijajua.”

Mkurugenzi alikasirika, na alikuwa na haki. Wazazi wa watoto waliougua walikuwa wamejaa getini. Alimpa mpaka jioni. Tulitawanyika nyumba hadi nyumba, yeye mbele, viatu mkononi kwa matope. Hakuuliza nani anaumwa tu, aliuliza pia nani haumwi, na kila mmoja huchota maji saa ngapi. Kumbe waliougua wote walikuwa upande mmoja wa barabara, nao walichota asubuhi mapema, pampu ikiwa ndiyo kwanza inawashwa. Fundi bomba alichimba upande huo. Bomba lilikuwa na ufa, limelala ndani ya majimaji ya mtaro wa vyoo. Pampu ikizimwa, bomba lilivuta uchafu. Ikiwashwa, uchafu ulitangulia kufika jikoni.

Bomba lilibadilishwa, watoto wale wawili wakapona, na hospitalini maji hayakukatika. Tungelifunga tangi, akina mama wangejifungua bila maji, na ufa ungebaki pale pale. Kesho yake mkurugenzi alikuja maabara mwenyewe, akasimama mlangoni, akasema, “Ahsante kwa kunizuia.” Mama Umejuaje akajibu, “Mshukuru muuguzi.”

Sasa yeye na mumewe wanahamia karibu na dada yake mkubwa, mjane, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akionana naye misibani tu. Kila likizo ilipokaribia, kulizuka jambo la maji. Akimtaja dada huyo sauti yake hushuka, na sisi hujifanya tunaangalia darubini.

Ijumaa iliyopita alipotukabidhi funguo, mkemia mmoja alimwuliza, “Sasa mama, tukikwama tumwulize nani?”

“Mtaulizana,” akasema akicheka. Kisha akageuka upesi, akafungua koki ya sinki, akanawa uso kwa muda mrefu, ingawa uso wake haukuwa na uchafu wowote.

Mama yetu, ahsante kwa kila glasi ya maji ambayo watu wa mji huu wameinywa bila wasiwasi. Uwe na afya, ulale mpaka jua lipande, na wewe na dada yako mzungumze mpaka sauti ziwakauke. Huku maabara, sauti tutakayoikosa ni yako.