Marehemu Kaanaeli Nnko, Msomaji wa Vitabu vya Mashaka

Leo Jumamosi, tarehe 12 Agosti 2023, tunazika hapa Engutoto mabaki ya mtu aliyefariki miaka mia moja na saba iliyopita. Marehemu Kaanaeli Nnko alizikwa mara ya kwanza Februari 1916 kwenye shamba lake karibu na mto Usa, wakati wa vita, bila kengele na bila mtu wa kusoma habari zake. Sasa barabara mpya inapita juu ya shamba lile. Ukoo uliona kwamba kama anahamishwa, basi na wasifu wake usomwe, hata kama umechelewa. Yaliyomo humu yametoka kwa binti yake, bibi yetu Tabea, aliyetusimulia mpaka alipofariki mwaka 1999, na kwenye daftari moja la marehemu ambalo bibi alilitunza ndani ya sanduku la nguo.

Marehemu alizaliwa mwaka 1885 hivi huko Nkoaranga, kwenye miteremko ya Mlima Meru, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba. Alikulia kwenye migomba, kukiwa na ng'ombe wawili zizini. Inasemekana alikuwa mtoto wa kuchosha kwa maswali. Akiletewa chakula aliuliza nani amekipika, na akijibiwa aliuliza kwa nini leo si yule wa jana.

Mwaka 1903 aliingia shule ya misheni, akajifunza kusoma na kuandika Kiswahili, kisha Kijerumani. Alibatizwa Krismasi ya mwaka 1906 na kumaliza masomo mwaka uliofuata.

Juni 1908 aliajiriwa na Bibi Hedwig Altmeier, mjane wa Kijerumani aliyekuwa na shamba la kahawa karibu na Usa. Macho ya bibi huyo yalikuwa yanafifia, naye alitaka mtu wa kumsomea kwa sauti. Kila siku baada ya chai ya saa kumi marehemu alikaa barazani na kusoma. Barua zilikuwa chache na magazeti yalichelewa, lakini riwaya zilikuja kwa masanduku. Bibi Hedwig alipenda riwaya za aina moja tu: zile ambazo mwuaji si jambazi wa njiani bali ni mtu anayekumiminia chai, na anayesimulia huenda mwenyewe hana akili timamu, nawe hujui hilo mpaka umeshamwamini. Marehemu aliziita vitabu vya mashaka.

Tarehe 10 Oktoba 1908 alifunga ndoa na Marta, msichana wa Akeri, na mwaka 1910 wakampata Tabea. Jumapili baada ya ibada watu walikusanyika kwao, naye akawasimulia kwa Kimeru kile alichomsomea bibi wiki ile. Kabla ya sehemu ya mwisho alinyamaza, akataka kila mtu ataje anayemshuku. Marta ndiye aliyepatia mara nyingi. Wengine walishuku sura na tabia, yeye aliuliza swali moja tu: huyu anapata nini? Mumewe alimtania kwamba Mungu alikosea, macho ya kusoma yangepewa yeye.

Katika daftari lake marehemu aliandika hukumu ya kila kitabu kwa Kiswahili, kwa penseli. Kuhusu cha nne aliandika: "Kimenidanganya kwa haki. Nilionyeshwa kila kitu, sikutazama." Cha saba: "Si kizuri. Mwandishi alificha ufunguo mfukoni mwake mpaka ukurasa wa mwisho. Huo ni wizi." Cha tisa: "Mwanamke anayesimulia ana akili mbili, nami nilizipenda zote."

Aprili 1912, masika yalipopamba moto, Bibi Hedwig alianza kuugua. Asubuhi alikuwa haamki vizuri, miguu ililegea, maneno yaligongana mdomoni. Wakati huo marehemu alikuwa anamsomea kitabu cha kumi na moja, ambamo mke anauawa polepole kwa sumu iliyotiwa kwenye maziwa. Na maziwa ya jioni ya Bibi Hedwig, aliyoyanywa kabla ya matone yake ya dawa ya usingizi, yaliletwa na Lemburis, mchungaji wa ng'ombe wake, Mwarusha wa hapa Engutoto. Lemburis alikuwa mtu mkimya. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, Kijerumani hakujua hata neno. Marehemu akaanza kumtazama. Aliona kwamba hamtazami bibi usoni. Aliona anasimama karibu na dirisha la jikoni. Siku moja alinusa kibuyu chake, akasema kina harufu ya moshi na dawa.

Kibuyu kile kilifukizwa kwa kijinga cha oloirien, mzeituni wa porini, kama vibuyu vyote vya maziwa mlimani na huku chini. Marehemu aliijua harufu hiyo tangu ananyonya. Siku ile aliinusa kama mgeni.

Marta alimwuliza, "Na Lemburis anapata nini, Baba Tabea?"

Akamjibu kwamba jambo hilo hujulikana mwishoni.

Alimweleza Bibi Hedwig, na bibi akapeleka habari bomani kwa Wajerumani. Tarehe 3 Mei askari walimchukua Lemburis. Hakuelewa alichoulizwa, na hakuna aliyetafuta mtu wa kumfasiria. Alifungwa mnyororo na kubebeshwa mawe pamoja na wafungwa wengine, akisubiri kupelekwa kufanya kazi pwani, ambako wengi hawakurudi.

Mwishoni mwa Mei mvua zilikatika, na Bibi Hedwig akapona. Watu walimsifu marehemu. Mzee mmoja wa kanisa alisema kijana huyu anafaa kukaa na bwana shauri, yule Mjerumani mwamuzi wa kesi bomani. Bibi Tabea alisimulia kwamba katika wiki tatu zile baba yake alitembea kwa madaha, naye Marta hakuzungumza naye zaidi ya lazima.

Tarehe 20 Juni mvua isiyo ya msimu ilinyesha kutwa nzima na usiku kucha. Asubuhi Bibi Hedwig hakuweza kusimama. Maziwa ya Lemburis hayakuwapo tena, na Lemburis alikuwa kwenye mnyororo. Marehemu alikaa kando ya kitanda hadi bibi alipopata nguvu, kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mwanzo. Aliuliza. Alimwomba amwonyeshe jinsi anavyopima dawa yake ya usingizi, matone kumi na mawili kwenye glasi ya maji.

Bibi alishika chupa juu ya glasi, akainamisha sikio. "Sioni matone," alisema. "Nayasikiliza. Kila ninalolisikia nalihesabu."

Marehemu aliinua macho akatazama bati la paa, ambalo mvua ilikuwa bado inalipiga. Matone yaliyosikika yalikuwa kumi na mawili. Yaliyoanguka ndani ya kelele ya mvua hakuna aliyeyajua.

Siku ileile aliandika barua ya kwenda bomani kwa jina la bibi, kueleza habari ya matone. Bibi alisita kutia sahihi, kwa kuwa barua ilisema waziwazi kwamba ameshapofuka, jambo alilolificha ili shamba lisichukuliwe na ndugu wa mumewe. Marehemu hakumsihi. Alimkumbusha tu kwamba Lemburis ana mke na watoto wawili. Bibi akatia sahihi.

Kesho yake alitembea hadi bomani Arusha. Bwana shauri alisoma barua, akauliza ni nani aliyeanzisha maneno ya sumu. Barua haikumtaja mtu. Marehemu angeweza kusema ni uvumi wa shambani, na jambo lingeishia hapo.

"Ni mimi," alisema.

Alipigwa hamsa ishirini, kama walivyoviita viboko ishirini na vitano vya boma, na Lemburis akafunguliwa mchana uleule. Alipotoka langoni alimkuta marehemu amelala kifudifudi kwenye majani, hawezi kuinuka. Bibi Tabea aliyapata mazungumzo yao kwa Lemburis mwenyewe.

"Wewe ndiye uliyenusa maziwa yangu?"

"Ni mimi."

"Yalinuka nini?"

"Maziwa."

Lemburis alikaa chini, akiyasugua mapaja yake yaliyochoka. Halafu akasema Usa ni mbali kwa mtu mwenye mgongo kama ule, ila Engutoto ni karibu. Akamwinua, wakaja wakiegemeana hadi kwenye boma hili la ukoo wake. Marehemu alikaa hapa siku tisa, akinyweshwa maziwa ya kibuyu na kupakwa mafuta ya kondoo na mke wa Lemburis, Naeku, ambaye hakuficha kwamba hakufurahishwa na mgeni. Siku ya pili Marta alifika, Tabea mgongoni, na kumwambia mumewe mbele ya watu wote kwamba amesoma mpaka akasahau harufu ya kwao. Naeku alitaka afasiriwe maneno hayo. Alipofasiriwa alicheka, na tangu hapo wakawa marafiki.

Hukumu ya kumi na mbili katika daftari inasema: "Hakikuchapwa. Msimulizi alikuwa na ushahidi wote mkononi, maana aliajiriwa kwa ajili ya macho ya bibi. Akamchagua mtu asiyeweza kujitetea kwa lugha yake. Ni kibaya kuliko vyote nilivyosoma. Mwandishi ni mimi."

Hakuacha kusoma. Hukumu zinaendelea hadi cha ishirini na tatu, ila baada ya hiyo kila moja inaishia kwa swali: "Nani hakuulizwa?" Aidha alijifunza Kimaa, lugha ya Lemburis. Bibi Hedwig alipoondoka kurudi kwao mwaka 1913 alimwachia sanduku la vitabu, naye akawa anakuja Engutoto kila mwezi kumsimulia Lemburis.

Januari 1916 marehemu alishikwa na homa ya matumbo. Lemburis alikwenda Usa kwa miguu na kibuyu chake, akabaki. Marehemu alimsimulia kitabu cha ishirini na nne kidogo kidogo, kadiri pumzi ilivyoruhusu. Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Februari, sehemu ya mwisho ikiwa bado. Kitabu chenyewe kilipotea vitani. Lemburis aliishi miaka thelathini zaidi bila kujua mwuaji, na akiulizwa alijibu, "Yeye aliniambia nimshuku daktari. Bado namshuku."

Shamba la Usa lilipochukuliwa na barabara, tulikuja kwa Mzee Loishiye, mjukuu wa Lemburis, kuomba mahali. Tulijiandaa kueleza mengi, maana si desturi kumzika Mmeru kwenye boma la Mwarusha. Mzee alisikiliza kidogo, akatukatiza. "Alishalala hapa siku tisa," alisema. "Aongeze."

Mkewe Marta alifariki mwaka 1951. Marehemu ameacha wajukuu wawili, Mzee Mikaeli na Mama Eunike, vitukuu kumi na mmoja na vilembwe thelathini na wanne, pamoja na ukoo wote wa Lemburis, ambao leo umechimba kaburi hili kwa mikono yake.

Mungu amlaze kwa amani katika udongo huu aliopewa.