Mzee Modesti na Povu la Kijani

Naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mama: vipimo vya majivu nilivyojaza kwenye daftari la maabara mwaka huu ni sahihi, ila sababu niliyoandika pembeni ni ya uongo.

Mzee Modesti anastaafu Ijumaa, tarehe 26 Septemba 2025, baada ya miaka ishirini na miwili kwenye mtambo wetu wa kusafisha makaa ya mawe. Alitoka kijijini Kaoze, akaanza kwa kubeba magunia, akapandishwa hadi mapipa ya povu. Humo unga wa makaa huchanganywa na maji na dawa, hewa hupulizwa kutoka chini, makaa hunata kwenye povu na kupanda, udongo hubaki.

Mwaka jana uongozi, kwa hekima yake, uliweka skrini ya kupima kimo cha povu. Likipanda, skrini inakuwa kijani na Injinia Vicent anapiga picha. Basi hewa ikafunguliwa yote. Povu lilifurika, likabeba na udongo, majivu, yaani uchafu unaobaki makaa yakiungua, yakafika asilimia thelathini. Mteja wetu pekee, mwenye tanuri la matofali, aliuliza kama tunamuuzia makaa au shamba. Akasema mzigo mchafu mwingine ukifika, harudi.

Mzee alipewa barua: akigusa vali ya hewa, hana kazi. Ni mtu mtiifu sana. Kila asubuhi alisubiri Injinia aende kunywa chai, ndipo akachota povu kwa upawa, akalipuliza, akapunguza hewa kidogo kidogo.

“Epifania mwanangu,” aliniambia, “likikawia kupasuka, limebeba tope. Usilionee huruma.”

Majivu yakashuka hadi kumi na nne. Skrini ilibaki kijani, kwa kuwa jicho lake la kupimia lilishazibwa na vumbi na hakuna aliyeagizwa kulifuta. Nikaandika, “Mafanikio ya skrini.” Injinia akapata cheti. Mzee akampa mkono, uso mkavu: “Hongera, Injinia. Mashine ina akili hiyo.”

Zawadi yake Ijumaa ni saa ya ukutani, ili mtu ambaye hajachelewa kazini hata siku moja ajifunze kuwahi.

Asante, Mzee, kwa kunifundisha bila kunicheka. Ulezi wako shambani ustawi, magoti yapumzike, na asubuhi zako ziwe ndefu.

Jumatatu wakienda chai, nitaishika vali mimi, na ile barua itanihusu mimi. Wakubwa katika ratiba hii ya kumuaga Mzee husoma orodha ya vyakula tu. Wewe uliyefika hapa, nakuomba, usimwambie mtu.