Alama ya Mtihani wa Tano

Haya alinisimulia mkwe wangu jana, tukichambua mchele. Kwenye treni alikaa nyuma ya seremala na mwalimu mmoja mwanamke, watu wasiojuana.

Seremala alikuwa na karatasi mkononi. "Dada yangu, binti yangu alifanya mitihani minne, wastani sitini. Chuo cha uuguzi kinataka sitini na nne. Nikamwambia wa tano apate sitini na nane, sitini na nne itakaa katikati. Kazipata, na wamemkataa!"

"Kaka, hapo umekata kati kama ubao! Ile sitini imebeba mitihani minne, jumla mia mbili arobaini. Alama ya tano iite x. Mia mbili arobaini ongeza x, gawa kwa tano, upate sitini na nne. Kwa hiyo x ni themanini."

Mimi niliyeishia darasa la nne nilimwomba mkwe arudie hapo mara mbili.

Seremala akainama. "Nami nilimwita mwongo mbele ya wadogo zake. Nilidhani amenificha alama."

"Basi mpigie sasa hivi."

Akatoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni, akafumba macho. Mkwe wangu alidhani anajisingizia usingizi, mpaka aliposikia anakoroma.